Nyumba ya Miezi Tisa

Haroub alisema: kuna jua, kuna bahari,
kuna minazi, Zuwena, minazi kama ya Wete.
Hakusema kwamba dafu ni baisa mia tano
na anayelichonga ni kijana wa Chitagong,
ananitazama ninavyolipokea
kama mtu aliyeuziwa kitasa cha mlango wake mwenyewe.

Tulitua Salala mwisho wa Septemba,
watu watano, masanduku saba.
Mbuzi ya nazi niliifunga ndani ya kanga.
Afisa wa forodha akaifungua, akaigeuzageuza,
akagusa meno yake kwa kidole:
silaha?
Nikaikalia pale pale, kumwonyesha.
Foleni nzima ikacheka,
na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu niage.

Jua lipo, simkadhibishi mume wangu.
Lipo kwenye mkanda wa gari, linachoma mtoto tumbo.
Lipo ndani ya bomba la maji baridi.
Nguo ya kwanza imekauka
sijaanika ya mwisho.
Hoteli anayoitengenezea viyoyozi
ina vyumba mia tatu, vyote vinataka ubaridi;
chetu kinakohoa usiku kucha
na fundi wake kalala fofofo.

Wifi hupiga simu ya picha: nionyeshe bahari!
Namwonyesha ukuta wa jirani.
Anasema mtandao mbovu.
Sijamwambia kwamba bahari
naiona Ijumaa, kama jamaa aliyelazwa hospitali,
na mchana watoto wanacheza ndani, pazia limeshuka,
Mundhir akichora mvua kwa kalamu ya buluu
mpaka karatasi inatoboka.

Shemsa ana miaka kumi, keshanipita.
Shuleni alinisahihisha mbele ya mwalimu.
Kiarabu changu ni cha chuoni:
kinajua kuomba pepo,
hakijui kuomba risiti.

Mwezi wa Mei akaja Bakhit, mwenye nyumba.
Si mtu mbaya. Alivua viatu, alileta halua.
Akasema kharifu inakaribia,
wageni wa Riyadhi na Kuweti
watalikimbia jua la kwao kufuata manyunyu yetu,
na usiku wao mmoja
unalipa wiki yenu mbili.
Mtarudi Septemba, inshallah. Kila mtu hapa anajua.
Miezi tisa nyumba ni yenu.

Miezi tisa naijua.
Ikitimia, mtu hutolewa,
kwa heri au kwa kisu.

Sasa tuko Awqad, chumba kimoja cha rafiki wa kazini,
magodoro yamesimamishwa ukutani mchana
na mtoto mdogo, Asya, anayaamkia
kwa kuwa anadhani ni wageni.

Ijumaa tulipanda Atini.
Jua halipo tena, mji wote wa jua
umefunikwa ukungu kama chungu,
na familia zimetandika mikeka kwenye majani
zikingojea kulowa.
Baba mmoja akanipa simu niwapige picha.
Nikahesabu: wahed, ithnen—
manyunyu yakaanza.

Wao wakainua nyuso, wakafumba macho,
mama mtu mzima akatoa ulimi.
Mimi nilikuwa nimeshainama.
Simu kwapani, mikono miwili kwenye pembe ya mkeka,
naukunja, naukunja upesi,
nawapigia kelele wanangu washike kule,
vikombe vinaanguka—

Wakanitazama.
Karafuu, nikasema. Zitaloa.

Shemsa aliona haya, kisha akawatafsiria:
kwao huanikwa karafuu, mvua ikija watu hukimbia.
Wakacheka bila ubaya. Wakautandika upya,
wakanisogezea nafasi,
wakanimiminia chai.

Nikainywa, mvua ikiniingia kikombeni.
Ilikuwa na iliki tu.