Kiti cha Kushoto

Kasha nililinunua Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
elfu sabini, baada ya kubishana hadi kivuli kikahama upande.
Lilitoka ofisini kwa watu: ubavuni limepakwa
namba ya mali kwa rangi nyeupe, 0047,
na ndani, chini ya feni, mende mkavu
aliyekufa akiwa kazini.

Nikampuliza. Vumbi nikalifuta kwa brashi ya rangi ya kucha.
Remu mbili zikagombana kama wapangaji wa choo kimoja
mpaka nikazibadilishia vyumba.
Ikalia mlio mmoja. Mmoja ni salama.
Mitatu ni nauli ya kurudi Kariakoo.

Bando la usiku huanza saa sita.
Nikashusha kifyatuzi. Jina hilo nimelitunga mwenyewe,
maana kazi yake naijua tangu Mbande:
unatia udongo, unashindilia, unafyatua,
tofali likipasuka unarudia.
Linaingia neno la mtu,
kinatoka kitu ambacho chuma kinakielewa.

Jaribio la kwanza: makosa mia mbili na kumi na nne.
La pili: mia mbili na kumi na nne.
Kumbe nukta-mkato moja imedondoka,
moja tu, kama msumari unaolaza lori zima Chalinze.
Nikairudisha. Yakabaki tisa.
Tisa hayo yalinila wiki.

Asubuhi Mama Shamimu akabisha hodi.
"Zamaradi, kodi."
Macho mekundu, nikamwelekeza kwenye skrini:
kodi ndiyo hii, mama, mistari elfu nane.
Hakucheka. Nikamlipa nusu.

Sasa niseme ninachofyatua.
Kuna mchezo wa malori. Waliouunda hawakusahau kitu,
hata tope kwenye matairi, hata mdudu kwenye kioo,
ila dereva anasafiri peke yake.
Adili, mtoto wa dada yangu, miaka tisa,
alitazama robo saa, kisha akauliza:
"Utingo yuko wapi?"

Baba alikalia kiti cha kushoto miaka kumi na tisa.
Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Dar,
akiruka chini na gogo lori lisirudi nyuma,
akihesabu magunia, akilala juu ya turubai.
Leseni, alisema, mwakani.
Mwakani ilikuwa kila mwaka.
Kutoka Kitonga waliturudishia
tochi yake, na kandambili moja.

Basi nikamwandika. Shati la kijani, kofia ya sufi,
gogo miguuni. Ukibonyeza K anaruka,
anaweka kigingi, anapiga bodi mara mbili: twende.
Ile sauti ya kupiga bodi
nimeirekodi kwenye mlango wa choo chetu.

Jana LUKU ilisoma uniti mbili nukta nne.
Nikazima feni ya dari, nikazima friji,
samaki wa Mama Shamimu wakaanza kutoa jasho kama mimi.
Asilimia arobaini. Sitini na sita.
Sabini na moja, ikaganda hapo
hadi nikaanza kuzungumza nayo kwa adabu.
Saa tisa kasoro, neno moja: tayari.

Nikafungua mchezo. Lori likawaka.
Nikamtafuta baba upande wa abiria, hayupo.
Nikazungusha kamera.

Nilikuwa nimeandika bila kuwaza: utingo, kiti cha kushoto.
Wapi pengine angekaa?
Lakini kwa waliotengeneza mchezo ule
kushoto ndiko kwenye usukani.

Alikuwa ameushika kwa mikono miwili,
kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, gogo miguuni,
na taa za mbele zinamulika barabara tupu.

Uniti sifuri nukta tatu.
Nikarudi kwenye msimbo haraka, mstari wa 212,
nikaacha maelezo kwa yeyote
atakayekuja siku moja kusahihisha:

Najua. Acha hivyo hivyo.