Namba Elfu Mbili

Jumanne iliyopita, barabara ya Nagongera,
nilimkosakosa mtu kwa upana wa kiganja.
Baiskeli, magunia matatu ya makaa, na mwenyewe
kajificha nyuma ya mzigo wake.
Nilichokiona kwanza ni kisigino.

Taa zilikuwa zinawaka. Naapa zilikuwa zinawaka.
Asubuhi Owor akalizunguka gari, mikono mfukoni:
"Balbu nzima. Kilichougua ni ngozi."
Plastiki imekuwa njano kama kucha za mvutaji,
juu yake ukungu usiofutika.
Mtoto wa jicho, angesema mama yangu,
aliyekuwa na wake, na hakutaka aguswe.

Taa mpya, Kampala: laki sita, bila nauli.
Mshahara wa mkunga una njia zake nyingine.

Basi Jumapili, uani Tororo,
pale ukuta unapopauka kwa vumbi la saruji,
nimekaa juu ya jerikeni tupu,
Premio inanitazama kama ng'ombe anayengoja sindano.
Sabuni kwanza. Kisha utepe wa karatasi pembeni,
rangi isije ikachubuka.
Nikaanza na ya kushoto, upande wa wenye miguu.
Msasa namba mia nane, umelowa chepechepe,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
mkono uleule unaosugua migongo
ya watoto waliozaliwa wakagoma kulia.

Hili hakuna aliyeniambia:
taa huzidi kupofuka kabla ya kuona.
Robo saa tu, nyeupe pe,
na maji yanayotiririka yana rangi ya uji.
Nikauweka msasa chini. Nimeharibu gari
ambalo bado nadaiwa miezi kumi na minne.

Wabwire, jirani, fundi wa redio,
akachungulia juu ya ua: "Tia dawa ya meno, nyabo."
"Nimesikia."
"Na majivu."
"Wabwire, nenda kanisani."

Elfu moja. Maji.
Elfu mbili: karatasi laini hivi
unadhani hukwaruzi, unabembeleza.
Halafu, sawa, dawa ya meno.
Athieno akaja mbio kuidai ni yake.
"Mama, kwani gari lina meno?"
Nikamwachia kona moja. Akasugua ulimi nje.

Ndipo, chini ya kipande cha fulana kuukuu,
ikaja; si ghafla, ila kama mtu anayekumbuka jina.
Kwanza waya. Kisha kile kikombe cha fedha kule ndani.
Kisha uso wangu, mdogo, umepinda,
una povu kwenye nyusi.

Ya kulia sikuifikia.
Mvua ilishuka, na simu nyuma yake: Apio, zamu ya usiku,
"Mimba ya kwanza, chupa imepasuka, mimi niko peke yangu."

Nikaenda na jicho moja zima.
Kulia maziwa matupu; kushoto, barabara yenyewe,
changarawe moja moja, kamba ya mbuzi,
na lile shimo ambalo miaka miwili
nimelikwepa kwa kulikumbuka tu.

Karibu na daraja, magunia matatu,
yananijia, yakisukumwa kwa miguu.
Sijui kama ni yeye. Makaa hayana sura.
Ila safari hii niliona kofia, niliona vifungo vya shati,
niliona hata kamba ilipokatika ikafungwa tena,
kutoka mbali, mbali kabisa,
nikapunguza mwendo, nikaona fahari kidogo.

Akaziba uso kwa kiwiko.
"Zima hiyo taa, wewe! Unataka kunipofusha?"

Nikazima. Nikampisha.
Matairi yake yakapita tope, chwa, chwa,
nami nimekaa gizani,
vidole vinanuka dawa ya meno.