Mia ya Tano

Hoteli ilifunga kwanza mlango wa nyuma,
ule wetu, wa mapipa na mashuka machafu.
Wa mbele ulibaki wazi siku tatu zaidi, kwa heshima ya wageni.
Nikarudi Mtaa wa Furby na aproni mfukoni,
Winnipeg nzima imenyamaza kama mtoto aliyevunja kikombe.

Posho ya korona ikatubeba mpaka Septemba.
Kisha wakatangaza: hii inakwisha, inakuja nyingine,
mia nne kwa wiki.
Niligeuza bahasha ya bili ya umeme nikapiga hesabu mgongoni mwake:
kodi ya Bohdan, ambaye habishi hodi, hukohoa tu mlangoni;
simu; viazi; dawa ya sukari ya Feza.
Nilipofika kwenye viatu vya baridi vya mtoto
bahasha ikaisha.

Ligaya wa ghorofa ya chini akanipa namba.
"Mpigie mbunge."
Wa serikali?
"Wa nini? Wale wameshashiba.
Mpigie wa upinzani, huyo bado ana njaa."

Akapokea kijana, sauti ya mtu anayetafuna karanga.
Aliniuliza: mia moja zaidi ingekufanyia nini?
Sijawahi kuulizwa hivyo na ofisi yoyote, ya nchi yoyote.
Nikasema: viatu. Vya mtoto. Vyenye manyoya ndani.
Nikasikia vidole vyake vikiandika.
Kwamba mimi sipigi kura hapa, sikusema.
Hakuuliza.

Feza akaliegemeza Bunge kwenye kopo la chumvi,
simu yenye ufa, zulia la kijani, mafahali wote zizi moja.
Serikali ilikuwa ya wachache,
kiti cha miguu mitatu,
na mguu wa nne uko mkononi mwa anayeuuza.
Mpinzani mmoja akasema pesa hizi zinawalaza watu.
("Mwambie aje alale hapa," akasema Feza.)
Mwingine akauliza deni hili atalilipa nani,
na mimi, Mungu anisamehe, nililiona swali lina akili.
Ndipo akasimama mama wa miwani, wa chama kidogo,
wale ambao wote wangeenea kwenye basi moja la shule.
Mia tano, akasema, la sivyo kura zetu mzitafute kwingine.
Akasema: yuko baba mmoja Winnipeg
anayehesabu viatu vya mwanawe nyuma ya bahasha.

Feza akanigeukia.
Lakini bahasha sikuitaja.
Nimeikumbuka ile simu neno kwa neno: bahasha sikuitaja.
Labda hakuwa mimi.
Labda mji huu una bahasha nyingi.

Asubuhi waziri akasema: tumewasikia wananchi.
Chama kidogo kikasema: tumewalazimisha.
Hata yule wa usingizi alipiga kura ya ndiyo.
Wahenga walituachia tembo wanaopigana na nyasi zinazoumia;
hawakutuachia neno la siku tembo walipogombana
na nyasi zikanyeshewa.
Na yule mama, kwa mia ile, alikubali kufumbia macho nini?
Muswada ulipita kabla chai haijapoa.
Sikuuliza. Mwenye kupokea ana mikono miwili tu, na yote imejaa.

Pesa iliingia Ijumaa, haina jina la chama.
Viatu sitini na mbili, pamoja na kodi.
Mtoto alivivaa sebuleni, akavivaa kitandani.

Ligaya hakupata kitu.
Mwaka ule alifua na kulea kwa malipo ya mkononi,
hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alichoka.
Nikamkimbilia kwenye ngazi, nimejaa hekima ya aliyefanikiwa:
Mpigie mbunge! Ngoja, namba ninayo hapa.

Akanitazama, kapu la nguo kiunoni.
"Namba hiyo," akasema, "mwandiko huo ni wangu."