Madebe Mawili na Nusu

Hatukumwona akishuka.
Lori liliingia Usoke saa kumi jioni, vumbi limelitangulia,
mwaka ule mvua ilipotunyima hata manyunyu,
na wanawake wakapiga vigelegele kuyapokea magunia.
Mahindi ya msaada. Makubwa kuliko yetu,
na gunia lina maandishi ya bluu
ambayo hapakuwa na wa kuyasoma.
Baba alipimiwa madebe mawili na nusu.
Ile nusu niliibeba mimi, kichwani,
nikisikia punje zikijisogezasogeza njia nzima.
Nilidhani ni punje.

Dumuzi, waliandika baadaye watu wa wizara.
Sisi tulishamwita Skania,
kwa jina la gari lililomleta,
kama mtoto anavyoitwa Nyanzala
kwa njaa iliyokuwapo siku anazaliwa.
Hafikii punje ya mtama.
Kichwa amekiinamishia kifuani
kama mkwe mwenye adabu.

Bibi Kabula alijua fukusi.
Fukusi alimwanika juani, akamtia majivu,
akamfukizia moshi wa mafiga, wakaelewana.
"Fukusi anakula nasi," alisema.
"Huyu anatula."

Kwa sababu usiku kihenge kilianza kusema.
Krrr. Kimya. Krrr.
Baba alitega sikio kwenye fito, akasema ni manyunyu,
akarudi kulala, na mwezi ulikuwa mweupe pee.

Tulifungua mwezi wa tisa.
Kihenge kimejaa, vile vile tulivyokiacha,
mahindi yamejipanga kwenye magunzi yake.
Mama akashika moja
likapumua.
Unga, unga mtupu, hadi viwikoni,
mikono ya mtu aliyetoka kusaga
na nyumbani hakuna ugali.
Kuku walidonoa mara moja wakaondoka.
Akahamia kwenye makopa.
Akahamia kwenye fito zenyewe.

Lakini kinachoniuma si hicho.
Kinachoniuma ni Ntabo, dada yangu, aliyeolewa Ndala.
Kabla hatujajua lolote mama alimtumia gunia,
alilichambua kwa mkono, siku mbili, punje nzuri nzuri,
akalishona mdomo kwa uzi mwekundu
ili wakwe waone kwamba binti ana kwao.
Barua ilirudi baada ya miezi saba:
*Mama, nyumba yetu inavuma usiku.*

Hakuna aliyemsafirisha kwa chuki.
Sijawahi kukuta gunia la chuki.
Nimekuta ya mahari, ya wajukuu walioko shule,
ya kumshukuru mganga. Ndiyo kazi yangu sasa,
kizuizini, barabara ya Sikonge:
nachoma bambo, namimina kwenye chekeche,
natandika karatasi nyeusi chini
na kungoja vumbi liseme.
Madereva wananiita Mama Chekeche. Wengine wananiita vibaya zaidi.

Juzi alikuja Mpuya Lugendo na gunia tatu.
"Ni chakula cha msiba," akasema. "Shemeji yangu."
Nikachoma. La kwanza safi. La pili safi.
La tatu likaandika mstari mweupe kwenye karatasi
na ndani ya mstari kitu kikatembea.
Akakitazama, akanitazama.
"Kadudu hako? Kwa hako unazuia watu wasile?"
Nikamwambia yote matatu yatafunikwa turubai, yatiwe dawa,
siku saba.
"Msiba hausubiri siku saba."
Najua.
Alikaa kwenye jiwe hadi jua likamhama,
hasemi, anachora chini kwa kijiti,
na mimi nilikagua malori mawili bila kuona nilichokagua.

Nyumbani nilikuwa na debe moja,
nimelichekecha mara mbili, nimelianika, ninalijua.
Nikamletea.
Hakusema asante, na sikuitaka.
Alilinyanyua hadi begani,
akasita,
akalishusha tena, akalitikisa taratibu
karibu na sikio.