Ubao wa Mwisho

Ubao wa chini kabisa, upande wa kusi,
ncha yake ilikuwa mkate uliolowa chai.
Niliubonyeza kwa gumba, gumba likazama.
Mpangaji akasema, "Paka rangi tu, Mwanamkasi."
Rangi! Tabaka sita zimelala pale,
ya juu ni ile buluu ya reli aliyoiiba baba.
Marehemu hashtakiwi.

Fundi Semkiwa alitoka Barabara ya Kumi na Tano
na mkasi wa bati, kabari tatu za mkoko,
bati limeviringwa begani kama mkeka.
Jirani akapaza sauti toka uani: "Usipoziba ufa!"
Semkiwa hakugeuka. "Huu si ufa, mama,
na ukuta wenyewe wa mbao."

Hatukubomoa. Kubomoa ni kwa wenye pesa.
Tuliuinua ubao
kama unavyoinua ukope wa mtoto aliyeingiwa na mchanga:
kabari, pumzi, kabari,
misumari ya zamani ikilia mmoja mmoja,
mpaka likafunguka giza la unene wa kidole.
Ikatoka harufu ya chumvi, na mchwa, na masika yaliyopita.

Mgongoni mwa ubao, kwa penseli ya seremala,
mwandiko wa baba, saba yake yenye mkia:
*Bati futi 47. Baada ya mshahara.*

Semkiwa akavuta futikamba.
Arobaini na saba. Akacheka puani. "Mzee alijua."
Alijua. Mishahara ilikuja,
na sisi tulikuwa tisa.

Basi bati likateleza juu, nyuma ya mbao,
kipande kikilalia kipande inchi nne,
na chini akalikunja mdomo kwa nje,
uupite msingi kwa upana wa kucha.
"Maji huyakatazi," alisema, misumari mdomoni,
"unayaonyesha njia tu."
Kona ya jikoni bati likapungua shibiri;
tukamalizia kwa debe la mafuta ya kula.
Ukiinama utamwona jogoo mwekundu, kichwa chini.

Kabla hatujaurudishia misumari
niliandika chini ya mwandiko wa baba:
*Limewekwa. Semkiwa anadai elfu thelathini.*

Usiku wa Jumanne vuli ikapiga.
Nilitoka na kurunzi, nikalala kifudifudi matopeni
na khanga yangu ya kulalia,
nikatazama matone yakidondoka toka kwenye mdomo ule,
nje ya msingi,
nje tena.
Mpangaji akachungulia dirishani, akauliza nimepoteza nini.
Hakuna, nikamjibu. Zima taa ulale.