Kutwa Mara Moja

Bombo walinipa karatasi.
Kwa wino wa buluu, mwandiko umelala upande kama mgonjwa:
Kutembea. Kutwa mara moja. Kabla ya chai.
Nikaigeuza nyuma kutafuta dawa.
Hakuna.
Nikamtazama muuguzi Semkiwa,
naye akaita, "Anayefuata!"

Mimi fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa huu.
Matundu ya nguo za watu nayaziba hata gizani,
langu nililivaa hivyo hivyo.
Nililala na viatu, nikaamka na usiku.
Simu ilinitangulia kufumbua macho,
ikanilisha misiba ya watu nisiowajua
kabla sijanawa uso.
Muda ni dawa, Mgaza, waliniambia.
Dozi hakuna aliyeitaja.

Ngamiani kwetu barabara zinaitwa kwa namba.
Aliyezipanga labda alijua
iko siku mtu ataamka akili imemtawanyika
kama vifungo sakafuni,
na kitakachombakia ni kuhesabu.

Siku ya kwanza nilitoka ya pili, nikafika ya nne,
nikarudi, nikalala mpaka adhuhuri.
Kesho yake niliishia ya tatu.
Ndiyo, nilipunguza.
Wiki ikaisha nimeigusa ya saba, shati limelowa mgongoni,
na kumbe kuna harufu ya mkate,
kumbe mtoto wa kinyozi kaota meno,
kumbe asubuhi ilikuwa ikifanyika siku zote
bila ruhusa yangu.

Kwenye kona ya tisa Mwanamvua anakaanga mihogo.
Hakuniuliza mbona umekonda,
hakuniuliza mwenzio karudi.
Aliuliza, "Pilipili?"
Swali hilo nililiweza.
Nililijibu kila siku,
hata siku ambazo mengine yote yalinishinda.

Sisemi nimepona.
Zipo asubuhi mwili ni mzigo wa mkonge ulionyeshewa
na mbebaji ni mimi huyo huyo.
Ila natandika kitanda,
nikirudi nione kuna mtu alipita humu akakijali.
Simu nailaza ndani ya sufuria, kifuniko juu,
hadi jua lifike kwenye pedeli ya cherehani.
Na nimejifunza kusema "nimechoka",
kwa mtu mmoja, si kwa mtaa mzima.
Hilo ndilo zito.
Sisi tumelelewa kujibu "salama"
moshi ukitoka dirishani.

Masika yalipoingia, siku tatu sikutoka.
Nilihesabu boriti za dari: kumi na moja.
Nikarudia, zisije zikawa kumi na mbili.
Siku ya tatu, hodi.
Kijana wa baiskeli, mguu mmoja kwenye tope,
mwingine kwenye pedeli, haraka zake usoni,
akaninyoshea kifurushi cha gazeti, kina joto bado.
"Mwanamvua kasema leo katia pilipili
bila kuuliza."

Nilikula nimesimama mlangoni,
na machozi yakapata kisingizio.

Kila fundi anajua:
uzi wa juu ndio unaosifiwa kwa rangi,
lakini wa chini, ule wa kwenye bobini usiotazamwa na mtu,
ukikatika, sindano inatoboa tu.
Miezi yote ile nilidhani natembea peke yangu.
Kumbe kona ya tisa kuna mtu
ambaye asubuhi yake nayo ilikuwa na pengo
nisipopita.

Karatasi ya Bombo imechakaa, wino umekimbia,
limebaki neno "kabla".
Nimeishonea mfuko wake ndani ya shati.
Leo nimefika ya kumi na nne,
kamba ya ndala ikakatika, nikarudi pekupeku
huku watoto wa shule wananicheka,
na mimi nikicheka, kwa kuchelewa kidogo,
kama mtu anayejaribu nguo aliyoisahau sandukuni.

Ya ishirini na moja sijaiona bado.
Naambiwa ipo.
Ngoja kwanza ninywe chai.