Kisha

Kitabu kilikuwa kimoja, sisi sabini na wanne,
darasa la tatu B, shule ya juu ya mawe, Igogo.
Jalada lake lilishonwa kwa uzi wa nyavu
na Mwalimu Teonesta, usiku, kwa sindano ya viatu.

Humo ndani alikuwamo mbwa.
Jina lake Sikitu, kwa sababu alipookotwa jalalani
mtu aliuliza, "Nini hicho?" Wakamjibu, "Si kitu,
mbwa tu."
Sisi ambao kwetu mbwa hupigwa teke kabla ya salamu
tulijifunza kumngoja: Alhamisi, kipindi cha nne.

Mwalimu alisoma akitembea. Akifika pale
Sikitu anapolala nje ya dirisha la darasa, mvua inamnyeshea,
kwa kuwa mvulana wake yumo ndani anahesabu,
Shija Lushinge, bingwa wa manati wa mtaa mzima,
aliinama kufunga kamba za viatu.
Hakuwa na viatu.

Ukurasa wa mwisho haukuwapo.
Wengine walisema panya, wengine ulifungiwa karanga.
Hadithi ilikatikia ziwani: mtumbwi umerudi mtupu,
giza linashuka, na chini kabisa mwa karatasi:
*Sikitu akaingia majini. Akatazama nyuma mara moja, kisha*

Kisha. Bila hata nukta.

Tukaimalizia wenyewe, kila Alhamisi mtu mmoja.
Kisha akaogelea hadi Ukara, akarudi na sufuria ya wali.
Kisha akammeza mamba, mkia mwanzo.
Mimi nilisema kisha akaamka, kumbe ilikuwa ndoto,
nikazomewa, na nilistahili.

Mbuke hakuwahi kunyoosha mkono.
Mpaka kaka yake Magesa alipokwenda kuvua dagaa
usiku usio na mwezi, na asubuhi ukaonekana mtumbwi tu,
karabai bado inawaka.
Alirudi shule siku ya nane, kichwa kimenyolewa,
akasimama bila kuitwa.
"Kisha akamkuta," alisema. "Akakaa naye.
Si lazima warudi. Ila hayuko peke yake."

Mwalimu Teonesta akafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.
Baada ya hapo hakuna aliyeomba zamu.

Mwaka jana, Makoroboi, juu ya turubai,
kati ya kamusi zisizo na herufi A
na vitabu vya kilimo cha pamba,
nikamwona: Sikitu, jalada zima, elfu mbili mia tano.
Nililipa bila kuomba punguzo; muuzaji akanishuku.
Nikasoma palepale, wima, jua la saa saba:
*kisha akasikia baridi, akarudi nyumbani. Kesho yake
mvulana alikuja kwa lori. Wote walifurahi sana.*
Chini yake, maswali ya ufahamu.
Moja: Sikitu alikuwa na rangi gani?
Mbili: Taja sehemu tatu za mtumbwi.

Miaka thelathini. Lori!

Mbuke anauza supu ya sato karibu na mto Mirongo.
Chini ya benchi lake hulala mbwa wa sikio moja;
mteja akimkemea, bei inapanda.
Jina la mbwa huyo usiniulize.
Shija, siku hizi polisi, humletea mifupa
na kusema alikuwa anapita tu.

Nilimpa kitabu. Akafuta magamba kwenye kanga,
akasoma polepole, akichezesha midomo,
vile tulivyokatazwa.
Alipofika kwenye *kisha*, kidole kikasimama.
Karatasi iliyofuata ilikuwapo, upepo wa ziwa
unaiinua ncha.
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Mwanangu yuko la tatu," akasema.
Halafu, bila kuigeuza, akaichana ile ya mwisho
na kuifungia pilipili ya mteja.

Ndipo nikakumbuka kile kitabu chetu,
mahali ukurasa ulipokuwa umetoka:
ukingo wake ulinyooka.
Panya hawana rula.